Ushahidi wa Virusi: Kadhia ya Wauguzi wa Benghazi na Hukumu ya Kifo

Mwaka 1998, katika mji wa Benghazi mashariki mwa Libya, mzazi mmoja baada ya mwingine alianza kuambiwa jambo ambalo akili yake ilikataa kulipokea. Mtoto wake, aliyekuwa amelazwa kwa siku chache katika hospitali ya watoto ya Al-Fatih kwa sababu ya homa, kuhara au kubanwa kifua, alikutwa na virusi vya UKIMWI. Mama akapimwa, hana. Baba akapimwa, hana. Mtoto hakuwahi kuongezewa damu kwa ajili ya maradhi makubwa, wala hakuwahi kufika popote zaidi ya nyumbani, kwa bibi yake, na katika wodi ile. Mwezi Novemba jarida moja la nchini humo lilithubutu kuichapisha habari hiyo, na wazazi waliokuwa wakificha msiba wao kwa aibu wakatambua kuwa hawakuwa peke yao. Hesabu ilipokamilika, watoto walioambukizwa walizidi 400. Kufikia mwaka 2007 zaidi ya 50 kati yao walikuwa wamekwisha kufariki dunia.

Msiba wa namna hiyo hudai jibu, na hudai mtu wa kulibeba. Februari 1999 polisi waliwakamata wafanyakazi wa afya wa kigeni zaidi ya ishirini, wengi wao raia wa Bulgaria waliokuwa wamekwenda Libya kutafuta mshahara uliokuwa mgumu kupatikana kwao. Wengi waliachiwa. Waliobaki mikononi mwa dola, na ambao hatimaye walishitakiwa kwa kuwaambukiza watoto wale makusudi, ni wauguzi watano wa Kibulgaria, yaani Kristiyana Valcheva, Nasya Nenova, Valentina Siropulo, Valya Chervenyashka na Snezhana Dimitrova, pamoja na daktari kijana Mpalestina, Ashraf al-Hajuj, ambaye alikuwa bado katika mafunzo ya vitendo. Valcheva, aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama, hata hakuwa mwajiriwa wa hospitali ile ya watoto.

Ushahidi wa awali ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, chupa tano za utegili wa damu zilizodaiwa kupatikana katika upekuzi wa nyumba ya Valcheva. Pili, maungamo. Wauguzi wawili na yule daktari walikuwa wamekiri mbele ya wapelelezi. Walipofikishwa mahakamani waliyakana maungamo yao na kueleza jinsi yalivyopatikana: vipigo, umeme, vitisho vya mbwa, kunyimwa usingizi. Nenova alijaribu kujiua akiwa kizuizini. Maafisa kadhaa wa polisi na daktari mmoja walishitakiwa kwa mateso hayo, na mwaka 2005 mahakama ya Libya ikawaachia huru. Miaka miwili baadaye, wauguzi wakiwa wamekwisha kurudi kwao, Saif al-Islam, mtoto wa Muammar Gaddafi, alikiri katika mahojiano ya televisheni kuwa walikuwa wameteswa kwa umeme na kutishiwa kuwa jamaa zao wangedhuriwa.

Nini kilikuwa kisa cha uovu huo wote? Hapo maelezo yalibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Aprili 2001, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu UKIMWI uliofanyika Abuja, Gaddafi alisema kuwa wauguzi hao walitumwa na mashirika ya ujasusi ya Marekani au Israeli. Shitaka la kula njama dhidi ya dola lilipoporomoka mwaka 2002, kesi haikufutwa. Ilihamishiwa mahakama ya kawaida ya jinai. Mei 6, 2004 mahakama ya Benghazi iliwahukumu wote sita kuuawa kwa kupigwa risasi.

Msomaji asiwadharau wazazi walioshangilia nje ya mahakama siku ile wakiwa wameshika picha za watoto wao. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na swali lao lilikuwa la haki: nani amemfanyia mwanangu hivi? Aliyejibiwa uongo kwa miaka mingi hulishika jibu la kwanza linaloonekana kuwa zima. Kosa halikuwa lao. Kosa lilikuwa la wale waliokuwa na uwezo wa kutafuta jibu sahihi, na wajibu wa kufanya hivyo, wakachagua jibu lililo jepesi.

Na jibu sahihi lilikuwapo, tena mapema. Kwa ombi la serikali ya Libya yenyewe, wataalamu wawili wa Ulaya, Luc Montagnier wa Ufaransa, mmoja wa waliovigundua virusi vya UKIMWI, na Vittorio Colizzi wa Italia, waliyachunguza majalada ya hospitali na sampuli za watoto. Taarifa yao ya mwaka 2003 ilieleza kwamba maambukizi yalianza mwaka 1997, yaani kabla washitakiwa hawajaanza kazi pale. Kwamba chanzo chake kilikuwa usafi duni na matumizi ya kurudiarudia ya vifaa vinavyochoma ngozi. Na kwamba vipimo vya zile chupa za utegili havikutoa majibu ya kuaminika. Colizzi na Montagnier walifika mahakamani na kuyasema hayo. Mahakama ikaunda jopo la madaktari watano wa Libya, nao wakasema kinyume: kwamba wingi wa watoto walioambukizwa na wingi wa virusi katika damu yao ulionyesha kusudi. Hakimu akachagua kuliamini jopo.

Hapa ndipo wahudumu wa afya wanapopaswa kusoma polepole, kwa sababu hoja ya jopo lile huweza kumnasa hata mtu aliyesoma. Je, inawezekana kweli watoto zaidi ya 400 kuambukizwa ndani ya hospitali moja kwa uzembe tu? Kila mhudumu amefundishwa kuwa hatari ya kupata virusi vya UKIMWI kwa kuchomwa mara moja na sindano yenye damu ya mgonjwa ni ndogo, takriban asilimia 0.3. Kwa hesabu hiyo ya harakaharaka, mamia ya watoto yanaonekana kuwa mengi mno. Lakini asilimia hiyo ni ya muuguzi mzima aliyejichoma kwa bahati mbaya mara moja. Haimhusu mtoto mchanga aliyelazwa wiki nzima, anayedungwa dawa mara kadhaa kwa siku kupitia mrija ulio ndani ya mshipa, kwa bomba ambalo limetoka kwa mtoto wa kitanda cha pili likiwa limebadilishwa sindano tu. Damu hurudi nyuma na kuingia ndani ya bomba. Kubadilisha sindano bila kubadilisha bomba hakusaidii chochote. Vivyo hivyo kichupa cha dawa kinachotumiwa kwa wagonjwa wengi: bomba lililotumika likichovywa humo mara moja, watoto wote watakaopewa dawa kutoka kichupa hicho wamekwisha kuunganishwa na yule wa kwanza. Tena mtoto aliyeambukizwa juzi huwa na virusi vingi mno katika damu kuliko mtu aliyeishi navyo kwa miaka, kwa hiyo wingi wa virusi ambao jopo liliuona kuwa alama ya kusudi ni jambo la kawaida katika wiki za kwanza.

Historia nayo ilikuwa imekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 1988, katika mji wa Elista uliokuwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti, watoto zaidi ya 70 waliambukizwa hospitalini kwa mabomba ya sindano yaliyotumika tena na tena. Nchini Romania, mwishoni mwa utawala wa Ceaușescu, watoto waliopata virusi katika hospitali na nyumba za yatima walihesabika kwa maelfu. Hakuna jasusi aliyehitajika huko. Kilichohitajika ni upungufu wa vifaa, mazoea mabaya, na usimamizi uliofumba macho.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ulikuwa ndani ya miili ya watoto wenyewe. Wengi wa watoto wale walikutwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya C, na baadhi aina ya B. Jambo hili peke yake lingetosha kumfanya mpelelezi makini asite. Mtu mwenye chupa ya virusi vya UKIMWI na nia ovu angesambaza virusi vya UKIMWI. Kwa nini asambaze pia homa ya ini, tena ya koo mbalimbali zisizo na uhusiano wa karibu? Mchanganyiko wa aina hiyo ni alama inayofahamika ya sindano chafu. Mkondo wa damu kati ya wagonjwa ukishafunguka, hupitisha chochote kilichomo, bila kuchagua.

Kisha likaja swali la wakati. Ukoo wa virusi vya UKIMWI uliopatikana Benghazi, ujulikanao kitaalamu kama CRF02_AG, ni ule ulioenea Afrika Magharibi, na Libya ilikuwa na wahamiaji wengi kutoka huko. Je, uliingia lini hospitalini? Virusi havina cheti cha kuzaliwa, lakini vina kitu kinachokaribia hicho. Yafikirie miswada ya kale ya tenzi za pwani, iliyonakiliwa kwa mkono kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine. Kila mnakili huteleza kidogo: herufi hapa, neno pale. Aliyenakili kutoka kwake hurithi makosa yake na kuongeza ya kwake. Mtu akiikusanya miswada yote na kulinganisha makosa, ataweza kusema upi umetokana na upi; na akijua wanakili huteleza mara ngapi kwa wastani, ataweza kukisia ni muda gani umepita tangu mswada mama ulipoandikwa. Virusi hujinakili kwa kasi kubwa na kwa makosa mengi, na kasi ya makosa hayo imekwisha kupimwa. Wataalamu huiita njia hii saa ya vinasaba.

Kundi la watafiti, akiwamo Tulio de Oliveira, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa kazi ya kufuatilia mabadiliko ya virusi vya korona nchini Afrika Kusini, lilivisoma vinasaba vya virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini C kutoka kwa watoto wa Benghazi waliokuwa wakitibiwa Ulaya. Walijaribu njia moja ya kukokotoa, wakajaribu nyingine, wakabadilisha makadirio ya kasi ya saa. Kila njia iliwafikisha mahali pale pale. Mababu wa virusi hivyo walikuwa wamekwisha kusambaa ndani ya hospitali ile na viunga vyake kabla ya Machi 1998, mwezi ambao wafanyakazi wale wa kigeni walianza kazi. Kwa maneno mengine, moto ulikuwa umewaka kabla anayedaiwa kuuwasha hajaingia nyumbani.

Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mapema Desemba 2006. Mwezi uliotangulia, washindi 114 wa tuzo ya Nobel walikuwa wamemwandikia Gaddafi barua ya wazi wakiomba ushahidi wa kisayansi usikilizwe. Haukusikilizwa. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamuru kesi irudiwe, na kesi iliyorudiwa mjini Tripoli ilimalizika Desemba 19, 2006 kwa hukumu ile ile: kifo kwa risasi. Julai 11, 2007 Mahakama ya Juu iliithibitisha.

Wale sita hawakuuawa, lakini si kwa sababu sayansi ilishinda. Wiki hiyo hiyo familia za watoto zilikubali fidia ya kiasi cha dola milioni moja kwa kila mtoto, zikatangaza msamaha, na kwa msamaha huo baraza kuu la mahakama likabadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Julai 24, 2007, baada ya mashauriano marefu ya Umoja wa Ulaya na Ufaransa, ndege iliwachukua hadi Sofia kwa makubaliano ya kutumikia kifungo huko. Al-Hajuj alikuwa amepewa uraia wa Bulgaria mwezi mmoja kabla. Mara waliposhuka, Rais Georgi Parvanov akawasamehe. Walikuwa wamekaa kizuizini miaka minane na nusu. Hakuna mahakama ya Libya iliyowahi kutamka kwamba hawakutenda kosa. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kuwa haki za al-Hajuj zilivunjwa, lakini ithibati hiyo haimrudishii mtu ujana wake.

Tuseme risasi zingekuwa zimefyatuliwa mwaka 2004. Makala ya Nature pengine isingeandikwa, kwani watafiti huharakisha kazi pale panapokuwa na mtu wa kuokoa. Saif al-Islam asingekuwa na sababu ya kukiri chochote mbele ya kamera. Jalada lingefungwa likiwa na wahalifu sita waliokiri, na kila jalada lililofungwa namna hiyo huonekana, kwa anayelitazama baadaye, kama ithibati kuwa mfumo unafanya kazi. Ndiyo maana makosa ya hukumu ya kifo ni magumu kuhesabu: shahidi mkuu wa kosa ni yule yule aliyezikwa.

Uingereza ililipata funzo hilo kwa njia hiyo. Timothy Evans, kijana ambaye hakujua kusoma vizuri, alinyongwa London Machi 9, 1950 kwa kumuua binti yake mchanga, baada ya kukiri kituo cha polisi na kisha kukana. Shahidi mkuu wa mashitaka alikuwa jirani yake wa ghorofa ya chini, John Christie. Miaka mitatu baadaye nyumba ile ile ilipatikana imefichwa maiti za wanawake kadhaa, na Christie akakiri, pamoja na mengine, kumuua mke wa Evans. Evans alisamehewa rasmi mwaka 1966. Alikuwa kaburini kwa miaka kumi na sita.

Kisa cha Sabrina Butler, wa jimbo la Mississippi nchini Marekani, kinawagusa madaktari kwa karibu zaidi. Alikuwa na miaka 18 mwaka 1989 alipomkuta mtoto wake wa miezi tisa hapumui. Alimkandamiza kifua na tumbo kama alivyoweza, akamkimbiza hospitali, na mtoto akafariki. Majeraha ya ndani yaliyoonekana katika uchunguzi wa maiti yalisomwa kuwa ya kipigo, na mwaka 1990 mama akahukumiwa kifo. Kesi iliporudiwa, jirani alitoa ushahidi kuwa alimwona akihangaika kumwokoa mtoto, na daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti akabadilisha maoni yake kuhusu chanzo cha kifo. Butler aliachiwa huru Desemba 1995. Mikono ya mama aliyejaribu kuokoa iliacha alama zilizosomwa kuwa za muuaji. Yeyote aliyewahi kumkandamiza kifua mgonjwa anajua jinsi mbavu zinavyoweza kuvunjika chini ya mikono yenye nia njema.

Marekani ndiyo nchi ambako hesabu ya makosa haya imefanywa kwa umakini zaidi. Tangu mwaka 1973 watu wapatao 200 waliokuwa wamehukumiwa kifo wameondolewa hatia. Mwaka 2014 Samuel Gross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha utafiti uliotumia njia ambayo kila daktari wa saratani anaifahamu: uchanganuzi wa uhai. Katika utafiti wa saratani, mgonjwa anayehama mji au kuacha kuhudhuria kliniki hahesabiwi kuwa amepona. Huhesabiwa kuwa ametoka nje ya macho ya mtafiti. Gross na wenzake waliona kuwa wafungwa hupitia hali inayofanana na hiyo. Mtu anapokuwa katika safu ya kusubiri kifo, mawakili na majaji humtazama kwa makini. Anapopunguziwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, macho yote humwondokea, na hata kama hana hatia, uwezekano wa kugundulika hushuka mno. Waliwafuatilia watu 7,482 waliohukumiwa kifo kati ya mwaka 1973 na 2004. Walioondolewa hatia walikuwa 117, yaani asilimia 1.6. Lakini kama wote wangebaki chini ya macho yale makali, watafiti walikadiria, hesabu isingepungua asilimia 4.1. Dawa ambayo ingemuua mgonjwa asiyeihitaji mmoja katika kila ishirini na watano isingepewa kibali na mamlaka yoyote, na wala isingetetewa kwa hoja kwamba wale ishirini na wanne waliihitaji.

Chama cha Madaktari Duniani kimekuwa kikitamka tangu mwaka 1981 kwamba ni kinyume cha maadili kwa daktari kushiriki katika kutekeleza hukumu ya kifo. Tamko hilo ni zuri, lakini kadhia ya Benghazi na ya Mississippi zinaonyesha kuwa ushiriki wa daktari aghalabu huja mapema zaidi, pale anapoandika.

Afrika Mashariki haiko mbali na jambo hili. Nchini Tanzania Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 197, inaagiza kifo kwa kunyongwa kwa anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, lakini hukumu zimeendelea kutolewa, na waliohukumiwa huishi miaka mingi bila kujua kesho yao. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa ulazima huo, unaomnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kila kesi, unakiuka haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuwa imekwisha kuukataa ulazima wa namna hiyo mwaka 2009, na ya Kenya mwaka 2017. Kadiri ulazima unavyobaki, ndivyo uzito wote unavyoangukia swali moja: je, alikusudia kuua? Na swali hilo mara nyingi hujibiwa kwa karatasi mbili zilizojazwa na mhudumu wa afya: fomu ya PF3 na taarifa ya uchunguzi wa maiti.

Wanaozijaza karatasi hizo wanajua zinavyojazwa. Saa nane za usiku, foleni ndefu, askari amesimama mlangoni akisubiri. Anayeandika huenda ni tabibu wa wilaya ambaye hajawahi kufundishwa patholojia ya mahakama zaidi ya wiki chache chuoni. Askari amekwisha kumwambia kilichotokea, na macho huelekea kuona yaliyokwisha kusikiwa na masikio. Kati ya kuandika kwamba jeraha "limesababishwa na panga" na kuandika kwamba jeraha lina kingo safi, urefu wa sentimita kadhaa, na "linaweza kutokana na kitu chenye makali", pana tofauti ambayo mwandishi aliyechoka huenda asiione. Wakili anaiona. Jaji anaiona pia, kama imeandikwa. Mhudumu anayekiri mpaka wa ujuzi wake kwa kuandika kuwa chanzo cha kifo hakikuweza kubainika hajashindwa kazi, ameifanya.

Upande wa wodi nako hakuna cha kufumbiwa macho. Mwaka 2019 katika wilaya ya Larkana nchini Pakistani, mamia ya watoto walikutwa na virusi vya UKIMWI, na daktari mmoja wa huko alikamatwa akituhumiwa kuwaambukiza makusudi. Uchunguzi haukuona kusudi. Uliona sindano zilizotumika zaidi ya mara moja katika zahanati nyingi. Ilikuwa miaka kumi na miwili tu tangu wauguzi wa Benghazi warudi kwao, na hadithi ilianza vilevile, kwa mtu kabla ya sindano. Hospitali yenye daftari safi la vifaa, inayoandika tarehe na saa ya kufunguliwa kila kichupa cha dawa, inayoripoti kila ajali ya kuchomwa na kumpa mhudumu dawa za kinga ndani ya saa 72, inawalinda wagonjwa wake, na siku ya msiba inawalinda pia wafanyakazi wake, kwa kuwa ina cha kuonyesha. Wauguzi wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufanya kazi Ghuba na kwingineko, ambako adhabu ya kifo ingali inatekelezwa, wana sababu ya ziada ya kushika mazoea hayo. Naye mgonjwa, au mama aliyempakata mtoto, ana haki ya kuona bomba na sindano vikitolewa kwenye pakiti mbele yake. Akiomba hivyo asionekane mjuaji.

Watoto wa Benghazi walionusurika ni watu wazima sasa. Wengi walipelekwa kutibiwa Italia, Ufaransa na Uswisi. Wazazi wao walilipwa fedha, wakaonyeshwa wahalifu, lakini hakuna mtu aliyesimama mbele ya mahakama kueleza nani alisimamia vifaa katika wodi zile mwaka 1997, sindano ngapi ziliagizwa, na ngapi zilifika. Wakati maswali hayo yalipokuwa bado yanaweza kujibiwa, dola ilikuwa inashughulika na chupa tano za utegili. Damu ambayo hatimaye ilieleza ukweli haikuchukuliwa kwa ajili ya kesi. Ilitolewa na wauguzi katika hospitali za Ulaya, kwa bomba jipya kwa kila mtoto, ili madaktari wajue tiba ipi itawafaa.